Wanawake wa ughaibuni: siku ulipowaita polisi, kilitokea nini? Tupeane uzoefu

Binti Makorora (Uingereza)

Dada zangu, habari za jioni. Wiki iliyopita nilipigiwa simu usiku na binti mmoja wa kwetu Tanga aliyekuja kusoma hapa mwaka jana. Kuna mwanamume amemfuata siku tatu mfululizo, kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kwake. Nikamuuliza polisi wamesemaje. Akajibu, "Dada, mimi mgeni, nitaanzia wapi?" Sikulala. Maneno hayo hayo niliwahi kujiambia mwenyewe mwaka 2019.

Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya watu watano, jiko moja, bafu moja. Mpangaji mmoja akaanza kujaribu kitasa changu usiku. Usiku wa tatu alikuwa amelewa, anausukuma mlango kwa bega. Nikaburuta meza mpaka mlangoni, nikapiga 999. Nikaulizwa nataka huduma gani, nikashindwa kutoa sauti, maana nikisema tu yule wa nje atasikia. Mara nikasikia sauti iliyorekodiwa. Nikadhani simu imekwama, nikakata. Miezi kadhaa baadaye ndipo nikaelezwa kwamba ile sauti ilikuwa inanielekeza nibonyeze 55. Ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na huwezi kusema, kohoa au gonga kioo cha simu. Wasipokusikia utaletewa sauti hiyo: bonyeza 55, utaunganishwa na polisi. Usipobonyeza, simu hukatwa. Halafu mjue kwamba 55 yenyewe haiwaonyeshi ulipo, kwa hiyo wakikuuliza maswali ya ndiyo na hapana yajibu hata kwa kugonga.

Asubuhi nilikwenda kituoni. Askari wa kaunta alianza kwa kuniuliza viza yangu inaisha lini. Huenda ni swali lililokuwa kwenye fomu tu, lakini miguu ilikufa ganzi, nikasema nitarudi. Wiki mbili zikapita, nalala na viatu miguuni. Niliporudi niliongozana na mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi ya chuo. Hakusema mengi. Alipoona maelezo yamekwisha na askari anataka kuinuka, akamwambia, "Tunaomba namba ya tukio." Ikaandikwa kwenye kikaratasi. Mwenye nyumba alikuwa amenipuuza muda wote ule. Nilipomtumia namba ile kwa barua pepe, ndani ya siku sita yule mtu akahamishwa.

Sasa naomba tuzungumze. Huko uliko, polisi walifanya nini, na ni kitu gani kiliwafanya wakusikilize? Tusitaje majina ya watu wala ya vituo. Sisi tumekulia kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa: ukiumizwa unawaza kituo kwanza ndipo hospitali, na kituoni unaogopa kuambiwa mkayamalize nyumbani, ingawa siku hizi Dawati la Jinsia na Watoto lipo. Hofu ile tunapanda nayo ndege. Hapa mwanamke aliyebakwa anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kituo maalumu cha waliofanyiwa ukatili wa kingono, akatibiwa na ushahidi ukahifadhiwa, kabla hajaamua kama anataka polisi. Nimekutana na wenzetu wanne ambao hawakulijua hilo mpaka ikawa wamechelewa.

Mama Ilyas (Unguja, zamani Maskati)

Binti, ahsante kwa kulifungua hili. Mimi nilikuwa Maskati kwa kazi za nyumbani. Tajiri wangu mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Tatizo lilikuwa ndugu yake aliyehamia pale, akaanza kunigongea mlango usiku. Nikamwambia mama wa nyumba. Akaniambia nivae vizuri. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwao, na kila aliyefanya kazi Uarabuni anajua kwamba ukitoka nyumba ya tajiri bila ruhusa, anaweza kukuripoti kuwa umetoroka. Ripoti hiyo ikishaingia, wewe ndiye mkosaji, hata kama ulikuwa unakimbia roho yako.

Shoga yangu wa nyumba ya pili ndiye aliyenipa akili. Akasema, "Ukitoka, usiende kwa rafiki. Nenda polisi au ubalozini siku hiyo hiyo, kabla tajiri hajafika yeye." Nikatoka alfajiri na taka mkononi kama ninakwenda kutupa. Kituoni askari ananiuliza kwa Kiarabu, nami Kiarabu changu ni cha jikoni: leta maji, osha chumba, kesho wageni. Nikaanza kulia, "Ya Rabi, nitasema nini mimi!" Kwenye chumba cha nyuma akatoka askari mtu mzima, ndevu nyeupe. Akaniuliza, "Wewe mtu wa wapi?" Kiswahili safi cha mjini Unguja! Mama yake kazaliwa Malindi ya Unguja. Wallahi nilihisi kama baba yangu kafufuka.

Aliniketisha, akanipa maji, akaniambia nianze na mlango, nisianze na mshahara. Hilo nimelishika mpaka leo. Wengi wetu tukifika tunaanza na malipo, na mambo ya malipo polisi huyapeleka kwa watu wa kazi. Jambo la hatari liseme mwanzo. Akaandika yote, akanisomea kwa Kiswahili kabla sijaweka sahihi, akampigia tajiri alete pasipoti, maana kuishika si haki yake. Ililetwa adhuhuri. Mshahara wa miezi miwili sikuupata. Lakini nilirudi na mwili wangu.

Walioko Oman: namba ya dharura ni 9999. Na msione haya kuuliza kwa sauti kama kuna anayejua Kiswahili. Wako wengi kule.

Nyota ya Nyali (Mombasa, zamani Saudia)

Mama Ilyas, Mungu alikupa huyo mzee. Mimi sikumpata. Nilitoroka baada ya kumwagiwa maji ya moto mkononi, nikawa miongoni mwa wale tunaowaita kemboi, kulala huku na kule bila ikama, yaani kibali cha ukaazi. Niliposhikwa, polisi hawakuangalia mkono. Waliangalia kompyuta, wakaona nimeripotiwa, wakanirudisha kwa maktabu, yaani ofisi ya wakala wa kazi, na maktabu ikanirudisha nyumba ile ile. Siku tisa zaidi.

Kilichonitoa ni dadangu. Kabla sijasafiri tulikuwa tumekubaliana kwamba nikimwambia "nisalimie nyanya wa Kaloleni", ajue mambo yameharibika, kwa sababu nyanya wa Kaloleni hatuna. Nilipewa simu dakika mbili, madam amesimama kando. Nikasalimia nyanya. Dadangu alikuwa na picha za mkataba, ikama, pasipoti, hata ramani ya nyumba niliyokuwa nimemtumia wiki ya kwanza. Alienda nazo ofisini Nairobi akakaa mpaka wakamsikiliza, na ubalozi wetu Riyadh ukaja kunichukua. Wasichana wanaojiandaa kusafiri: tuma ramani wiki ya kwanza, simu ikiwa bado mikononi mwako. Baadaye huenda usiwe nayo.

Mwanafunzi wa zamani (alisoma India)

Nilikuwa India Januari 2016, wakati mwanafunzi mwenzetu Mtanzania wa miaka 21 aliposhambuliwa na kundi la watu Bengaluru na kuvuliwa nguo hadharani, kwa ajali ambayo hakuhusika nayo. Gari lililomuua mwanamke eneo lile lilikuwa la mwanafunzi kutoka Sudan. Dada yetu alipita baadaye, akachukuliwa kuwa ni wale wale. Polisi walilaumiwa kwa kutomsaidia, na baadhi ya askari wakasimamishwa kazi baada ya ubalozi wetu na serikali ya India kuingilia. Sisi katika miji mingine tuliacha kutoka jioni kwa wiki nzima. Tulikuwa tukienda maktaba kumi kwa pamoja, na bado tunatetemeka.

Yaliyonikuta mimi ni madogo: dereva wa bajaji alibadilisha njia, nikaruka kwenye foleni, nikachubuka goti na mkono. Kituo cha karibu kikanikatalia, eti tukio limetokea eneo la kituo kingine. Nikataka kuondoka. Mwenzangu wa darasani, msichana wa Kihindi, akamwambia afisa maneno mawili tu: "Zero FIR." Maana yake kituo chochote kinapaswa kupokea taarifa ya kosa, kisha chenyewe ndicho kiipeleke panapohusika. Si kazi yako kuzunguka mji mzima na jeraha. Tena una haki ya kupewa nakala bila malipo. Tangu Julai 2024 limeandikwa wazi kwenye sheria yao mpya. Namba ya dharura sasa ni 112.

Mama wa Uvira (Marekani)

Mimi nitasema kifupi kwa sababu bado kunaniuma. Jirani ndiye aliyepiga 911. Polisi walifika haraka, dakika chache. Lakini mume wangu alikuwa anajua Kiingereza, mimi sijui. Yeye ndiye aliyewapokea mlangoni, akawaeleza ya kwake. Waliponigeukia mimi, wakamweka mtoto wetu wa miaka kumi na miwili atafsiri. Nitamwambia nini mwanangu? Kwamba awaambie baba yake alinikaba? Nikasema niko sawa. Wakaondoka.

Mara ya pili nilikuwa nimefundishwa. Nilisema neno moja, "Swahili", nikalirudia mpaka wakapiga simu kwa mkalimani. Mkalimani alikuwa mwanamke, sikumwona uso, nilimsikia tu kwenye spika. Nikazungumza saa nzima. Msikubali mtoto atafsiri. Msikubali mume atafsiri. Semeni "Swahili" mkae kimya mngoje.

Kwa walio Marekani bila makaratasi: tangu mwaka 2000 kuna viza ya U kwa waliodhulumiwa na wakasaidia polisi. Polisi wenyewe ndio wanaotia sahihi fomu moja ya ombi hilo. Zinatolewa 10,000 kwa mwaka na foleni ni ya miaka mingi, kwa hiyo kaa na wakili mapema.

Shangazi wa Hamburg

Mama wa Uvira, pole sana mwanangu.

Huku Ujerumani mimi nilikutana na jambo sikuwahi kulifikiria. Walipofika baada ya kupiga 110, nilikuwa nimeshafunga begi, kwa sababu nilijua anayeondoka nyumbani ni mwanamke. Askari wa kike akanishika begi akalirudisha chini. Wakamwambia mume wangu akusanye vitu vyake, wakamchukua funguo, wakampa karatasi ya kutokanyaga pale siku kumi. Huku anayepiga ndiye anayeondoka. Siku zile kumi ndizo za kwenda mahakamani kuomba zuio refu zaidi, ukizilala, anarudi. Mimi nilizilala mara ya kwanza, kwa huruma na kwa simu za mawifi kutoka nyumbani.

Namba ya msaada kwa wanawake ni 116 016, bure, saa zote. Kama uko kwa viza ya ndoa na miaka mitatu haijafika, usikubali kutishwa kwamba ukimwacha utafukuzwa siku hiyo. Sheria ina nafasi kwa aliyepigwa. Weka karatasi za daktari.

Mkazi wa London

Niongeze la hapa London. Machi 2021 Sarah Everard aliuawa na askari polisi aliyetumia kitambulisho chake halisi kumdanganya kwamba anamkamata. Tangu hapo, askari akiwa peke yake bila sare una haki ya kutaka uthibitisho: asubiri, apige simu kituo kikuu cha mawasiliano wakuthibitishie wewe mwenyewe. Ukiona bado una shaka, piga 999. Si utovu wa adabu. Sisi tuliolelewa kumtii kila mwenye kitambulisho tulihitaji kuambiwa hivyo.

Mgeni hapa

Samahanini, nimesoma yote mara mbili. Niko Uingereza, mwaka wa pili, nimekuja kwa viza ya mume. Hanipigi kila siku. Ameficha pasipoti, na anasema nikienda polisi yeye atawaandikia uhamiaji wanirudishe. Simu hii ni ya kazini. Je, ni kweli?

Binti Makorora

Mdogo wangu, pole, na umefanya vizuri kuandika. Sikufichi: polisi wa hapa wamekuwa wakiwapa uhamiaji taarifa za watu wasio na vibali. Lakini wewe kibali unacho, na hakikai ndani ya pasipoti aliyoificha. Viza sasa ni ya mtandaoni. Angalia kwanza akaunti ile imefunguliwa kwa barua pepe ya nani na simu ya nani. Ikiwa ni vyake, hilo ndilo la kwanza kubadilisha.

La pili, kwa aliyekuja kwa viza ya mwenza na ndoa ikavunjika kwa ukatili, kuna ruhusa ya miezi mitatu ya kukaa na kupata msaada wa serikali, na ndani ya muda huo unaomba ukaazi wa kudumu. Usijaze fomu hiyo peke yako usiku wa hasira, kwa sababu inachukua nafasi ya viza uliyo nayo. Ongea na wakili kwanza. Piga 0808 2000 247, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani, bure, saa zote, ni wanawake peke yao wanaopokea. Sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Na akikugusa leo, 999, usingoje chochote.

Yule binti wa Tanga tulimsindikiza kituoni Ijumaa. Kumfuata mtu hivyo ni kosa la jinai hapa tangu 2012. Alikuwa ameandika tarehe, saa na namba ya basi kwa kila siku. Askari aliichukua karatasi ile kama ilivyo, akampa namba ya tukio.

Mgeni hapa

Nimepiga nikiwa choo cha kazini. Wamesema watanipigia Jumanne saa nne asubuhi, mkalimani akiwepo, mume akiwa zamu. Akaunti ilikuwa kwa barua pepe yake. Dada wa hapa kazini anakaa nami saa ya chakula tujaribu kuibadilisha.

Binti Makorora

Jumanne saa tatu na nusu nitakuandikia hapa hapa. Usijibu kama hauko peke yako.