Bakuli la kijani la Kichina: rangi yake ilitiwaje?

Swali
Assalaam alaykum. Nimerithi kwa marehemu bibi bakuli la Kichina lililokaa miaka mingi katika kidaka cha nyumba yetu, Lamu. Kwa nje limechongwa petali za yungiyungi. Ndani ya mifereji ya mchongo kijani kimekoza, ilhali kwenye migongo ya petali kimepauka hadi kukaribia weupe. Sioni alama ya brashi popote. Rangi hiyo ilitiwaje, na nitajuaje kama ni la kale?

Jibu la kwanza
Wa alaykum salaam. Brashi huioni kwa sababu haikutumika. Kwa sifa ulizozitaja, linafanana na seladoni, yaani kauri za kijani, za Longquan, jimbo la Zhejiang, zilizosafirishwa kwa wingi zama za Song, Yuan na Ming, nasaba zilizoitawala China. Vipande vyake vimefukuliwa Gede na Kilwa. Chombo hufunikwa kwa uji wa mawe yaliyosagwa, udongo na majivu, wenye chuma kidogo tu, kiasi cha asilimia 1 hadi 3. Joto likipita nyuzi 1,200 uji huyeyuka ukawa kama kioo, naye fundi huwa amekwisha kuibana hewa ya tanuri, hivyo moto uliokosa oksijeni huinyang'anya ile iliyoshikamana na chuma, na hapo ndipo kijani huzaliwa. Hewa ikiachwa ipite, uji ule ule hutoka wa manjano au kahawia. Mifereji yako imekoza kwa kuwa kioo kilitiririka kikatuama humo.

Jibu la pili
Naongeza kwamba mafundi wa Song ya Kusini walirudia kupaka uji huo mara kadhaa, ndipo ukapatikana mng'ao mzito, wa ndani, unaofanana na jiwe la jade. Kwangu mimi hakuna kauri iliyouzidi. Kuhusu umri, lipindue. Mahali pasipofunikwa na kioo huwa na wekundu wa matofali, kwa sababu chuma cha udongo kilikutana tena na hewa tanuri lilipokuwa likipoa. Hata hivyo, Longquan wangali wanachoma seladoni, na UNESCO iliuorodhesha ufundi huo mwaka 2009, kwa hiyo wekundu peke yake si ushahidi. Usilisugue; wapelekee wataalamu wa makumbusho.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimelipindua: ukingo wa kitako ni mwekundu kama kigae. Nitalipeleka Makumbusho ya Lamu, nikilifunga katika kanga ya bibi.