Nimepata maalim wa bao, lakini mwezi wa pili huu nafungwa tu

Kijana_wa_Kikwajuni

Assalaam alaykum jamani. Mie nna miaka 27, kazi yangu ya kukaa ofisini, na bao nimelianza ukubwani. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, watu wote wanamwita Maalim, amekubali kunifunza. Kila Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri nakwenda barazani kwake na birika la kahawa na kashata, na mwisho wa wiki namtilia shilingi 10,000 mkononi. Tunacheza mabao matatu au manne, ananifunga yote, magharibi inaadhiniwa, tunanyanyuka.

Tatizo hasemi kitu. Nikimuuliza nimekosea wapi anacheka tu, "umekula kwa pupa." Juzi kanifunga nami nna kete 13 bado mkononi, hata mtaji, ile sehemu ya pili kete za mkononi zikishakwisha, sijauona. Kanuni nazijua zote: kunamua (kutia kete ya mkononi ubaoni), kutakata (kucheza bila kula), kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele), kimbi (la pili yake), nyumba (lile shimo kubwa). Ninachokosa sikijui ni kitu gani. Nifanyeje nifaidike na huyu mzee? Au nitafute mwengine anayesema?

Mtu_wa_Darajani

Kahawa, kashata na elfu kumi kila wiki? Mpe mzee salamu, mwambie akichoka mie nipo, nitakufunga kwa chai ya rangi tu.

Fundi_Seremala

Umeanzia juu. Anza na bao la kujifunza: kila shimo tia kete mbili, mashimo 32, kete zote 64 zimeshakaa ubaoni, hakuna kunamua, mnaingia kwenye mtaji moja kwa moja. Cheza hilo miezi mitatu na watoto wa mtaani, mkono uzowee kutembeza kete, halafu ndio urudi kwa Maalim. Sisi wote tulipitia huko.

Ami_wa_Wete

Waalaykum salaam mdogo wangu. Usimuache Maalim wako. Anayekosea ni weye, na usichukie, maana na mie nilikosea hivyo hivyo msimu mzima.

Nilifunzwa na ami yangu, shamba, nje kidogo ya Wete, wakati wa karafuu. Mchana tunachambua na kuanika, jioni bao liko chini ya mwembe. Yeye naye mtu wa maneno machache. Kila nikifungwa nazizoa kete kwa hasira na kupanga upya: sita nyumbani, mbili, mbili, ishirini na mbili mkononi, haya twende. Nilidhani nikicheza mabao mengi ndio nitajua. Nilichokijua baada ya wiki tatu ni kupanga kwa haraka.

Siku moja tumefika kati, ikaadhiniwa. Tukaliacha bao lilivyo, tukenda kusali. Kurudi, mbuzi kalipindua, kete zimetapakaa mpaka kwenye majamvi ya karafuu. Mie moyoni nikafurahi, maana nilikuwa nafungwa. Ami akachutama, akazirudisha shimo kwa shimo, zangu na zake, na zile za mkononi mwangu nilizokuwa nimezitia mfukoni akaniambia, "unazo tisa." Nikazitoa, nikahesabu. Tisa.

Hapo nikamuuliza, "Ami, kwani hapa nimeshakufa?" Akasema, "Ulikufa zamani." "Wapi?" Ndio akazirudisha kete nyuma zamu tatu, na nadhani zile dakika kumi nilisoma kuliko wiki zote tatu za nyuma.

Sikiliza, maana na weye nadhani ugonjwa wako ndio huu. Nyumba yangu ilikuwa na kete 10. Nikanamua, nikala kete zake 5, nikazianzia kichwa cha kushoto. Moja, mbili, tatu, nne, ya tano ikatua nyumbani, nyumba ikawa na 11. Shimo lake linaloikabili nyumba yangu lilikuwa tupu, kwa hivyo hiari ni yangu: nilale, yaani niishie pale, au nisafiri, nizinyanyue zote niendelee. Nikasafiri. Nani alale na kete 11 mbele yake?

Sasa hesabu weye. Kutoka nyumbani kwenda kulia, safu ya mbele kuna mashimo matatu. Safu ya nyuma manane. Tatu na nane kumi na moja. Kete ya mwisho haina pa kwenda isipokuwa pembe ya nyuma, kushoto kabisa, na pale palikuwa patupu. Ikafika, ikalala. Nyumba nimeivunja kwa mkono wangu, nayo ikishavunjika hujengi tena. Kete nane kati ya kumi na moja zimekwenda nyuma, huko haliwi mtu lakini na kula pia hakuna. Na zile tano zilizonitia utamu, aliyeziweka pale ni ami mwenyewe. Kula katika bao ni lazima, ukiweza kula huna ruhusa ya kujifanya hujaona, basi fundi anakulisha mpaka ufike anapotaka yeye.

Ndio "pupa" hiyo anayokwambia. Maalim hasemi kuwa usile. Mara nyingi unakuwa na vya kula viwili vitatu, na upande wa kuanzia mara nyingi ni hiari yako, na nyumba kulala au kusafiri ni hiari yako pia. Weye unachagua kinachoonekana kinono.

Kwa hivyo: mabao manne kwa siku ni mengi mno. Cheza moja. Ukifungwa usiguse kete. Na lile suali la "nimekosea wapi" liache, hilo pana, mzee hajui aanzie wapi ndio maana anacheka. Mwambie, "Maalim, nirudishe pale ulipojua kuwa umeshanifunga." Hapo hajibu kwa maneno, anajibu kwa mikono, na mikono yake ndiyo inayojua. Wengi wa wazee hawa hawawezi kukueleza bao, lakini hakuna zamu waliyoisahau. Akishazirudisha, toa simu, piga picha ya bao (bao tu, usimpige yeye uso bila ruhusa). Usiku kwako panga ile picha, tafuta mwenyewe ungefanya nini, na Alhamisi mpelekee jawabu kabla hamjaanza. Akisema sivyo, unayo ya kuuliza.

Jengine, kabla hujanyanyua kete sema kwa sauti kete ya mwisho itaishia wapi. Mwanzo utakosea kila mara na watu wa barazani watakucheka. Wacha wacheke.

Na kama mnawekeana chochote kwa anayefungwa, hata kahawa, acheni. Dini unaijua, sina haja ya kukuhutubia. Lakini hata kwa mafunzo haifai: ukicheza huku unaogopa kulipa, hujaribu kitu ambacho bado hukijui, unarudia kile kile ulichozowea. Hiyo elfu kumi mpe kama zawadi ya mwalimu na iishie hapo.

Fundi Seremala, mie hapo naachana nawe. Bao la kujifunza ni zuri kwa wiki moja, kwa mtoto wa skuli. Halina kunamua wala nyumba, na kijana huyu anauliwa na hivyo viwili. Akakae miezi mitatu kwenye mtaji wakati hata huo mtaji haufiki?

Fundi_Seremala

Haya bwana, wa Wete kashasema. Lakini mkono mzito ni mkono mzito. Mtu anayehesabu kwa kidole kila shimo, Maalim gani atamvumilia?

Bint_Mkoani

Naomba niongeze moja. Sisi wanawake barazani hatukai, bao nimelijulia uani kwa babu yangu, Mungu amrehemu. Nilichokiona: babu akicheza na mie alikuwa hafikiri hata kidogo, huku anatafuna tambuu huku anazungumza na bibi. Ukicheza na mtu kama huyo unaona mkono tu, mawazo huyaoni. Lakini Ijumaa alikuwa akija rafiki yake, fundi mwenziwe. Siku hiyo babu ananyamaza, mkono unasita juu ya shimo, unarudi, unakwenda shimo jengine. Pale unaposita ndipo penye mafunzo.

Basi nilikuwa nakaa ubavuni na kigae na mkaa. Kabla hajacheza naandika shimo ambalo mie ningelicheza. Akicheza lengine, natia alama. Wakimaliza, wageni wakishaondoka, namuuliza zile zenye alama, si zaidi ya mbili, maana ya tatu alikuwa anakasirika. Muulize Maalim wako siku anayocheza na wakubwa wenzake, uende ukamiminie kahawa. Siku hiyo usiombe kucheza.

Kijana_wa_Kikwajuni

Ahsanteni sana. Ami wa Wete, ile hesabu ya tatu na nane nimeipanga nyumbani mara tano, ni kweli haikwepeki. Nna wasiwasi mmoja tu: nikimwambia anirudishe nyuma hataona namtahini?

Ami_wa_Wete

Ukimwambia mbele ya watu, huku umekunja uso kwa kufungwa, ataona. Mmiminie kwanza, mwambie kwa adabu, watu wakiwa wachache. Mzee wa bao hakuna anachokipenda zaidi ya kuonyesha alivyokuua.

Kijana_wa_Kikwajuni

Nimerudi. Leo Alhamisi tumecheza mabao mawili. La kwanza nikafungwa kama kawaida, sikuzigusa kete, nikamwambia yale maneno. Akanitazama, akauliza, "nani kakufunza kuuliza hivyo?" Nikasema kuna ami yangu Wete. Akazirudisha zamu nne, na kumbe nilikufa nikiwa na kete 15 mkononi, pale nilipotakata na kukiacha kichwa cha kulia tupu ilhali nilikuwa na shimo jengine la kutakatia. Picha ninayo. Kahawa ilipoa hatujainywa.

La pili alinilegezea, nikafika mtaji kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na shimo moja la nyuma limejaa kete 17, nikataka kulianza nile, akanishika mkono akasema hilo huli nalo. Ikaadhiniwa, sikupata kuuliza kwa nini.

Bint Mkoani, wakubwa wanakutana Jumapili asubuhi. Nimeruhusiwa, kwa sharti nije na kahawa mabirika mawili.

Ami_wa_Wete

Shimo likipita kete 15 hulianzii kula. Mashimo yako ni 16: ukiwa na kete 16 unazunguka upande wako wote na kurudi pale pale ulipotoka, na 17 unapapita. Jumatatu panga bao lenye shimo kama hilo umuulize mwenye nalo anafanya nini, maana kukaa nalo tu nako kuna hasara yake. Na ile picha ya kete 15, itie hapa tuione.