Mjadala: Je, anayehutubia wananchi azuiwe kushika karatasi?

Wiki iliyopita, katika kikao cha kamati ya mwalo wetu hapa ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, mjumbe mmoja alipendekeza kwamba kila atakayesimama kuzungumza na wavuvi na wachuuzi, awe mgombea au mtumishi wa serikali, asiruhusiwe kushika karatasi. Alisema anayelijua jambo hulitoa kichwani, na anayesoma ametumwa tu. Wengi waliunga mkono. Mimi napinga, na naomba tulijadili kabla halijapitishwa.

Nakiri kwamba hoja yao ina uzito. Mtu aliyeinamia maandishi ya mwenzake, huku upepo wa ziwani ukipeperusha kurasa na injini za mitumbwi zikinguruma nyuma yake, hasikiki vizuri wala hatazamani na watu, na akiulizwa jambo lisilomo humo hubabaika. Lakini pendekezo hili linachanganya kusema bila kusoma na kusema bila kujiandaa.

Tumtazame manju wa Kisukuma, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa jadi, wanaposhindana, yeye humjibu mpinzani wake papo hapo, kwa mafumbo yanayouvuta umati kutoka upande wa pili kuja kwake, na hakuna karatasi uwanjani. Hata hivyo ametunga na kufanya mazoezi na kundi lake muda mrefu kabla ya msimu, na jibu linaloonekana kuzuka ghafla limetoka katika ghala alilolijaza mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Martin Luther King huko Washington, tarehe 28 Agosti 1963. Alikuwa na hotuba iliyoandikwa, na mwimbaji Mahalia Jackson alipompazia sauti awaeleze watu habari ya ndoto, akaiweka kando na kuendelea bila kusoma. Sehemu hiyo ndiyo inayokumbukwa zaidi, lakini maneno ya ndoto alikwisha kuyatoa mbele ya umati wa Detroit mwezi Juni mwaka huohuo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Yapo maneno yasiyopaswa kabisa kuachiwa kumbukumbu, yaani tarehe, ada na vipimo. Sangara haruhusiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 50, na mzungumzaji akisahau akataja 45, atakayekamatwa ni mvuvi. Miaka michache iliyopita afisa mmoja alitujia mwaloni kueleza utaratibu wa leseni za vyombo. Alizungumza vizuri mno, karibu saa nzima bila karatasi, akapigiwa makofi. Mama mmoja wa dagaa mwenye mtumbwi wake, aliyekuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, aliuliza kama mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 au 30. Afisa alitazama juu kidogo, akasema 30. Ilikuwa 15. Mama yule alivuka kutoka kisiwani tarehe 24, fedha zake zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga, akarudishwa, na nauli yake ya kwenda na kurudi hakuna aliyeirejesha. Siamini kwamba afisa alikuwa na nia mbaya, kwa kuwa barua yenye tarehe sahihi alikuwa nayo ndani ya gari.

Kwa hiyo napendekeza kwamba mzungumzaji aeleze jambo kwa maneno yake mwenyewe, lakini tarehe na viwango avisome, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa mwalo kabla hajaondoka. Kisha theluthi ya muda iwe ya maswali ambayo hakuyaona kabla, maana hapo ndipo tutakapomtambua anayeelewa na aliyetumwa. Wanaotetea pendekezo la awali nawaomba wanijibu swali moja: siku tarehe itakapotajwa kimakosa, mvuvi aliyerudishwa dirishani ataonyesha nini kuthibitisha alichoambiwa?