Naomba ushauri: vipandikizi vya mnyaa wa sebuleni vinaoza

MamaVyungu: Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaishi ghorofani hapa Dar es Salaam, na tangu mwaka 2021 nina mnyaa kwenye chungu karibu na dirisha la sebule. Umerefuka hadi unagusa pazia, kwa hiyo nimeanza kukata matawi ili nioteshe mingine. Vipandikizi vinne vya kwanza vimelainika na kuwa vyeusi chini bila kutoa mizizi, ingawa ninavimwagilia kila asubuhi. Leo mchana nimekata vingine sita. Ninakosea wapi? Kuna mtu nimekwisha kumwahidi vyungu hivyo.

Mchanga_Mnene: Dada, maji ndiyo yanayoviua. Kipandikizi kisicho na mizizi hakina cha kunywea, na kidonda kibichi kikikaa kwenye udongo wenye unyevu lazima kioze. Ukishakata, osha mahali palipokatwa kwa maji ili utomvu uache kutiririka, kisha ukilaze kivulini wiki moja hadi mbili mpaka kidonda kikauke kabisa. Ndipo ukisimike kwenye mchanga mnene uliochanganywa na udongo kidogo, katika chungu chenye tundu chini, na umwagilie tu udongo unapokauka.

Bibi_Shamba: Mwanangu, mnyaa ni mti wa uani. Kwetu minyaa ilizunguka zizi la mbuzi, na marehemu mama alitukataza hata kuchezea kijiti chake kilichokatika. Siku hizi watu wanaingiza ndani kila wanachokiona kwenye picha.

Jani_Nene: Ningependa pia tuache kuuita kaktusi, kama wauza maua wengi wanavyofanya. Mnyaa ni wa jenasi ya Euphorbia, yenye aina zaidi ya 2,000, na utomvu wake mweupe ni alama ambayo kaktusi nyingi hazina. Hata ile yenye miiba na maua mekundu iliyotoka Madagaska ni ndugu yake. Ulivaa glavu ulipokata?

MamaVyungu: Nilitumia kisu cha jikoni, bila glavu. Nimekata mara nyingi bila kudhurika.

Jani_Nene: Na macho?

MamaVyungu: Nilijifuta jasho usoni nilipokuwa nikikata. Jicho la kulia lilianza kuwasha, sasa limevimba na taa inaniumiza. Nimelitia maziwa na nimeamua kulala mapema, maana kwenda hospitali usiku huu nikiwa na mtoto wa miaka miwili si jambo jepesi. Swali langu lilikuwa kuhusu vipandikizi.

Mzee_wa_Hoja: Samahani, lakini siamini simulizi hii. Aliyeingiwa na mnyaa jichoni hupiga kelele papo hapo, ilhali huyu ametuandikia habari za pazia na vyungu kwa utulivu. Nashuku anatengeneza kisa ili baadaye atuuzie miche.

Muuguzi_Macho: Nimewahudumia watu wa namna hii, na ndivyo wanavyosimulia: huanza na muwasho, kisha maumivu yanazidi baada ya saa kadhaa, kwa sababu utomvu huo huunguza konea (utando angavu wa mbele ya jicho) na kuleta uvimbe ndani ya jicho, hata mtu akaacha kuona vizuri kwa muda. Dada, acha maziwa. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, ukilifungua kope, kisha uende hospitali usiku huu huu. Mtoto mwachie jirani, na vipandikizi uviweke asikofika.

MamaVyungu: Nimerudi. Jirani alibaki na mtoto. Daktari amekuta konea imechubuka, amenipa dawa ya matone, na kesho asubuhi nitarudi wanitazame tena. Sikulitaja jicho mwanzoni kwa sababu niliogopa kuambiwa niutupe mti wenyewe. Mteja nimempigia, amekubali kusubiri. Vipandikizi vimelazwa juu ya gazeti kwenye rafu ya juu kabisa. Mchanga_Mnene, umesema chungu kiwe na tundu chini, lakini vyangu vya kauri havina. Nivitoboe?

Mchanga_Mnene: Pole sana, dada. Usivitoboe, vinaweza kupasuka. Panda kwenye makopo ya plastiki yenye matundu, kisha utumbukize kopo ndani ya chungu na umwage maji yanayobaki chini kila baada ya kumwagilia. Wiki mbili hizi usiviguse, jicho lipone kwanza.