Fundi mitambo ametuharibia tamasha zima la kwaya, nimerudi na hasira

Wakuu nimetoka kwenye tamasha la kwaya jana usiku na mpaka sasa hivi roho inaniuma. Tena kwaya yenyewe ni nzuri balaa, waimbaji kama 40 hivi, sauti zote 4 zimejaa (soprano, alto, tenor na besi), unaona kabisa watu wamefanya mazoezi ya kutosha, halafu kazi yote inaenda na maji kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa nyuma kwenye mixa, ule mtambo wa kupandisha na kushusha sauti za maiki.

Ukumbi ni wa kawaida tu, ukikohoa mbele wa nyuma anakusikia. Sasa maspika makubwa vile ya nini jamani? Maiki zote zimeelekezwa kwa soprano na tenor wawili, basi tunasikia hao tu. Mbele yangu kulikuwa na dada wa sauti ya pili, yaani alto, namwona mishipa ya shingo imesimama, anaimba kwa moyo wake wote, na sauti yake siipati hata chembe. Besi ndo usiseme, kinanda kimewafunika.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Kuna wimbo wa taratibu, mwalimu akashusha viganja polepole, kwaya nzima ikapungua mpaka ikawa kama watu wananong'ona, mwili ukaanza kunisisimka, na fundi akaona sauti imepotea akapandisha! Spika zikapiga mluzi watu wakaziba masikio, na mwalimu bado viganja viko chini. Kwaya ikipaza, yeye anashusha. Yaani kila anachojenga mwalimu huyu anakibomoa.

Na msiniambie bila maspika haiwezekani. Ile Haleluya ya Handel mnayoijua wote iliimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, maiki hazijazaliwa, na watu walisikia. Halafu mtu akizungukwa na kelele anapaza sauti bila kujua, daktari Mfaransa Étienne Lombard alishalieleza hili tangu 1911, ndo maana mpaka kufika nyimbo za mwisho wote walikuwa wanapayuka na tenor wameshaacha ufunguo. Siwalaumu, hawasikilizani wale!

Wimbo mmoja tu waliimba kavu, mpiga kinanda katoka kidogo na maiki zimezimwa. Dakika 3 labda. Hapo ndo nikasikia besi kwa mara ya kwanza, inatokea chini kabisa unaihisi miguuni, alto wamekaa katikati wamewashika wenzao wote, na noti ya mwisho walipoiachia ikabaki inaelea ukumbini, hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Kisha fundi akawasha tena.

Walimu wa kwaya nawaomba sana, huyo fundi aje mazoezini akae na nyinyi, ajue wimbo unashuka wapi na unapanda wapi. Kama hana muda wa mazoezi basi siku ya tamasha asiguse ile mixa.