Naombeni ushauri: siku nne za baiskeli ya changarawe vilimani Ufaransa, bila magari

Binti Kibosho

Habari zenu wakuu. Naishi Lyon, na mdogo wangu wa kiume anakuja kunitembelea mwishoni mwa Septemba. Anafanya kazi Lushoto na amezoea njia za vumbi za Usambara, kwa hiyo vilima havimtishi. Mimi nina baiskeli ya changarawe, ile ya matairi mapana kwa njia za vumbi na mawe, yeye nitamkodishia. Tunataka siku nne za mabonde, misitu na vijiji, tukilala kambini au kwenye nyumba za wageni.

Shida yangu ni magari. Mwaka jana lori lilinipita karibu mno kwenye barabara ya mkoa, ilhali sheria ya hapa inamtaka dereva aache mita moja na nusu akiwa nje ya mji. Tangu hapo nikisikia injini nyuma yangu mabega yanakaza na raha yote inaisha. Nimetajiwa Ardèche, nimetajiwa Morvan, nimetajiwa Bourgogne. Kila mtu anasema huko hakuna magari, lakini nikifungua ramani naona barabara zimejaa. Aliyepita kweli anielekeze, tafadhali.

Mzee wa Spoku

Karibu sana binti. Kwa mtu anayetoka Lyon mwenye hofu hiyo, jibu langu ni Ardèche, mkoa wa milima ulio kusini mwa Lyon, na mlango wake ni Dolce Via.

Hii ni njia iliyotengenezwa juu ya tuta la reli ya zamani. Palikuwa na treni ndogo za reli yenye upana wa mita moja zilizopandisha watu na mizigo kutoka bonde la Rhône hadi uwanda wa juu, zikafungwa mwaka 1968. Reli ziking'olewa, tuta linabaki: madaraja ya mawe, mahandaki, na mwinuko ambao treni ya mvuke iliuweza, karibu asilimia 3 tu. Inaanzia La Voulte-sur-Rhône, inafuata mto Eyrieux kupitia Les Ollières na Saint-Sauveur-de-Montagut hadi Le Cheylard. Hapo inagawanyika: mkono mmoja unapanda Saint-Agrève, mwingine unakwenda Lamastre. Jumla yake ni kama kilomita 90, na sehemu kubwa ni changarawe iliyoshindiliwa.

Kisheria ni voie verte, maana yake imetengwa kwa wasio na injini: waendao kwa miguu, kwa baiskeli, na hata farasi. Barabara ya magari ya bonde hilo, D120, iko bondeni humo humo, na pikipiki huipenda sana wakati wa joto. Utazisikia, lakini ziko kwao na wewe uko kwako. Makutano yapo, hasa karibu na vijiji. Pale shuka, tazama, vuka.

Usidhani asilimia 3 ni mchezo. La Voulte iko karibu mita 100 tu juu ya bahari, Saint-Agrève imepita 1,000. Unapanda siku nzima bila kupumzishwa na mteremko. Ila ni kupanda ambako mnaweza kuongea, na kwa ndugu wawili ambao hawajaonana muda mrefu sioni njia bora kuliko hiyo.

Nyani wa Milimani

Namheshimu mzee, lakini naomba nitofautiane naye kidogo. Dolce Via ni nzuri, ila kijana wa Usambara atachoka kuifuata kabla miguu yake haijachoka. Reli inakaa bondeni; Ardèche yenyewe iko juu. Pandeni nayo hadi Saint-Agrève, kisha muiache.

Juu kule ni uwanda wa malisho na misitu. Ukielekea kusini magharibi unauona Mont Mézenc, mita 1,753, na Gerbier de Jonc ambako mto Loire unaanzia. Kati ya mashamba kuna njia nyingi za mawe ambazo hupitwa na trekta tu. Siri ni kusoma ramani ya 1:25,000 ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, inayopatikana pia bure mtandaoni. Mistari miwili isiyo na rangi kati yake mara nyingi ni njia iliyowekwa mawe. Hiyo ndiyo ya baiskeli yako. Mstari mmoja mweusi usiokatika ni njia ya shamba au ya msitu, mara nyingi inapitika. Mstari uliokatikakatika ni njia ya miguu, na ikikatiza mistari ya kontua iliyobanana, yaani mwinuko mkali, jiandae kusukuma baiskeli. Ukitumia programu ya kupanga njia bila kuitazama ramani hiyo, itakupeleka kwenye njia hiyo ya miguu huku ikikuhakikishia kwamba njia ni safi.

Kitu kimoja cha kukwepa kabisa ni D533, barabara inayotoka Valence kupitia Lamastre hadi Saint-Agrève na kuendelea Le Puy. Ramani inaionyesha kama mkato mzuri wa kushuka, lakini ndiyo njia ya malori. Kwa hofu uliyotueleza, usiiguse.

Binti Kibosho

Asanteni sana, nimeanza kupata picha. Mkuu Nyani, hizo njia za shamba si za watu binafsi? Sitaki kufukuzwa na mwenye shamba mbele ya mdogo wangu. Na je, tukifika Lamastre tunaweza kuendelea na reli hadi Tournon?

Nyani wa Milimani

Swali zuri. Nyingine ni za watu, na wengi wao huvumilia wapita njia wanaofunga geti walilolifungua. Kinachokuongoza ni kibao. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu, tupu ndani, linakataza chombo chochote, na baiskeli ni chombo. Duara hilo likiwa na picha ya gari na pikipiki ndani, linakataza injini tu, na wewe unapita. Kibao cha pili ndicho mtakachokifurahia, maana kinaahidi ukimya. Kuna pia sheria ya tarehe 3 Januari 1991 inayozuia vyombo vya injini kuzurura nje ya njia zilizo wazi kwa magari, kwa hiyo msituni unakutana na mwenye kazi yake tu.

Lamastre hadi Tournon, hapana. Reli ya bonde la mto Doux, inayounganisha miji hiyo miwili, haikung'olewa. Treni ya watalii ya mvuke bado inapita. Reli iliyo hai haikuachii tuta. Rudini Le Cheylard mkashuke na Eyrieux mliyopanda nayo. Bonde lile lile ukilishuka ni bonde jingine.

Mama Neema

Mwanangu, hawa wamekueleza njia, mimi nikueleze msimu. Mwisho wa Septemba msimu wa uwindaji umeshafunguliwa, na kwa kawaida unakwenda hadi mwisho wa Februari. Wanawinda nguruwe mwitu kwa kundi, zaidi siku za mwisho wa juma. Ukiona kibao cha “chasse en cours”, yaani uwindaji unaendelea, usiingie msitu huo. Vaeni vizibao vya rangi ya chungwa, semeni kwa sauti, na mkikutana na mwindaji simameni mumsalimie mumuulize wako upande gani. Atakuelekezeni vizuri, yeye ndiye anayejua bunduki zimekaa wapi.

La pili ni mvua. Majira hayo mawingu kutoka Mediterania hugonga milima ya Cévennes na Ardèche, na mvua ya wiki nyingi inaweza kushuka kwa siku moja. Mto mdogo unageuka hatari ndani ya saa chache. Tazameni tahadhari za Météo-France, mamlaka ya hali ya hewa, kila jioni. Rangi ya chungwa ikiwekwa kwenye mkoa, kaeni kijijini.

Na mbwa. Palipo na kondoo unaweza kumkuta patou, mbwa mkubwa mweupe wa kulinda kundi. Msimkimbilie, msimpite kwa kasi. Shukeni, wekeni baiskeli kati yenu naye, tembeeni polepole mkilizunguka kundi kwa mbali, msimkazie macho. Anafanya kazi yake, na akiona hamna nia mbaya atarudi kwa kondoo wake.

Binti Kibosho

Shikamoo mama, nashukuru sana. Hilo la mbwa nisingelijua. Sasa vifaa: matairi yangu ni milimita 38, gia ya mbele ina meno 40 na gia kubwa ya nyuma ina meno 36. Yatanitosha?

Mzee wa Spoku

Kwa Dolce Via, 38 yanatosha. Kwa njia za Nyani huko juu, weka 45 kama uma na fremu zinaruhusu. Upepo usijaze, mtu wa kilo 70 na mizigo yake kidogo, baa 2 na nusu inatosha, na mikono itakushukuru. Gia yako ndiyo inayonipa wasiwasi. 40 kwa 36 maana yake kila ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu linazunguka zaidi ya mara moja, na kwenye mwinuko wa asilimia 12 wenye mawe na mabegi utasimama. Mwambie fundi akufungie kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, yenye gia kubwa ya meno 42 kama kibadilisha gia chako kinaipokea, au abadilishe gia ya mbele. Ya kukodi nayo idai gia nyepesi kabla hujalipa. Na taa, binti, mbele na nyuma. Mahandaki yana giza.

Nyani wa Milimani

Nakubaliana na mzee kuhusu gia kwa asilimia mia.

Mama Neema

Nimesahau chakula na maji. Maduka ya vijijini hufungwa saa sita mchana, hufunguliwa tena saa nane au saa tisa, na Jumapili mchana na Jumatatu usitegemee kitu. Nunueni mkate asubuhi. Maji yakiisha, tafuteni makaburi ya kijiji. Mara nyingi kuna bomba kwa ajili ya kumwagilia maua. Kibao kikisema “eau non potable”, yaani maji yasiyofaa kunywa, msinywe. Mkitoka msituni kagueni kupe nyuma ya magoti na kiunoni, wanaleta ugonjwa wa Lyme.

Fundi Saleh

Mmemaliza karibu yote, naongeza usafiri. Ardèche haina stesheni ya treni za abiria iliyo karibu na njia hiyo, kwa hiyo chukueni TER, treni ya mkoa, kutoka Lyon hadi Valence-Ville. Isiwe Valence TGV, ile iko mbali nje ya mji. Angalieni mapema masharti ya baiskeli kwa treni mtakayochagua, na mpande saa ambazo watu hawaendi kazini. Kutoka hapo fuateni ViaRhôna, njia ya baiskeli inayofuata mto Rhône, kuelekea kusini hadi La Voulte. Ni tambarare, kama kilomita 20, na mdogo wako atapata muda wa kuizoea baiskeli ya watu kabla ya kupanda.

Binti Kibosho

Nimeamua. Siku ya kwanza Valence hadi Les Ollières, ya pili tunapanda Saint-Agrève polepole, ya tatu tunazunguka njia za mawe za uwandani kama mvua haitishi, ya nne tunashuka na Eyrieux. Kaseti nampelekea fundi Jumamosi hii. Mkuu Saleh, kambi za Les Ollières mwisho wa Septemba zinakuwa bado wazi?

Fundi Saleh

Baadhi zinafunga katikati ya mwezi. Piga simu kabla, na uwe na jina la nyumba ya wageni moja pembeni.