Benki imepoteza hundi tulizoweka, tuanzie wapi?

Mtunza Leja

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwa wanaojua mambo ya benki.

Hundi 6 za wateja watano wa ofisi ziliwekwa kaunta kwa slipu moja. Slipu imegongwa muhuri na keshia amesaini. Muda wa kuiva (fedha kuingia kwenye akaunti) umepita zamani na kwenye taarifa ya akaunti hakuna kitu. Tawi linasema kwa mdomo tu kwamba bahasha "haionekani" kati yao na makao makuu, na kwamba tuwaombe wateja waandike hundi nyingine.

Je, kweli hiyo ni kazi yetu? Ada ya kusimamisha hundi za zamani anabeba nani? Mteja mmoja anataka tusaini barua kwamba hundi ya kwanza ikilipwa tutamrudishia, tusaini? Na benki inatakiwa kutulipa kiasi chote au la? Nakala za hundi tunazo 4, mbili hatuna.

---

Keshia wa Zamani

Mkuu, usimwambie mteja yeyote aandike hundi mpya kabla hujajua kama hizo zimepotea kweli. "Haionekani" kwa lugha ya kaunta inaweza kuwa mambo matatu, na kila moja lina njia yake.

Inawezekana hundi zimelipwa ila fedha zimeingia kwingine. Karani akikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti, fedha zinakwenda kwa mtu mwingine. Mfumo ukiikataa namba hiyo, zinaegeshwa kwenye akaunti ya muda ya benki mpaka ajulikane mwenyewe. Kupima ni rahisi: mwombe kila mteja aangalie kwenye taarifa yake kama namba ya hundi ile imekatwa. Ikiwa imekatwa, hakuna kilichopotea, na kuisimamisha haiwezekani tena. Hapo mteja aombe kwa benki yake picha ya hundi iliyolipwa, mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye habari: muhuri wa benki iliyoipokea, tarehe, na mara nyingi namba ya akaunti iliyoingiziwa fedha. Ukiingia tawini na picha hiyo, hawana tena pa kusema "haionekani".

Au inawezekana hundi zilishapigwa picha kabla karatasi haijapotea. Nchi nyingi siku hizi karatasi haisafiri. Zinazosafiri ni picha na ule mstari wa tarakimu ulioko chini ya hundi, wenye namba ya hundi, msimbo wa benki na tawi, na namba ya akaunti. Marekani sheria ya kuruhusu nakala mbadala ilianza kutumika Oktoba 2004. Uingereza ilianza kuhamia mfumo wa picha mwaka 2017. Kama yenu zilipita kwenye skana, benki inaweza kuziwasilisha upya kwa picha na wateja wasisumbuliwe kabisa. Uliza kwa maandishi: zilipigwa picha au la, tarehe gani, kwenye kundi lipi. Ajabu ni kwamba matawi mengi hayakumbuki kuangalia huko mpaka waulizwe swali hilo hilo.

Zikiwa zimepotea kabla ya skana, ndipo mnaingia kwenye kazi ya kuzirudisha. Andikeni barua kwa meneja wa tawi, nakala kwa kitengo cha malalamiko makao makuu, ambatisheni nakala ya slipu. SLIPU HALISI MSITOE, hata wakisema wanaihitaji kwa uchunguzi. Wapige nakala mbele yenu na kuwarudishia. Barua iwe na jedwali: jina la aliyetoa hundi, benki na tawi lake, namba ya hundi, tarehe iliyoandikwa, kiasi. Kisha ombeni haya bayana:

- barua ya benki inayokiri kwamba ilipokea hundi hizo tarehe fulani na hazijulikani zilipo;
- fedha ziingizwe kwa muda kwenye akaunti wakati wanatafuta, kwa tarehe ambayo zingeiva;
- ada za kusimamisha hundi wanazotozwa wateja zilipwe na benki;
- riba ya overdrafti (kutumia zaidi ya salio) na faini za malipo yaliyorudi kwa sababu ya fedha hizi zifutwe.

Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua ya kukiri ndiyo muhimu kuliko zote nne, kwa sababu bila hiyo mteja anasikia tu kwamba mnamwomba alipe mara mbili.

---

Sina Presha

Mnazunguka sana. Slipu ina muhuri, benki imepokea, benki ilipe. Nyie wateja msiwaguse. Mngeweka noti wangesema bahasha haionekani?

---

Wakili wa Madaftari

@Sina Presha hapo kwenye noti ndipo hoja inapoanguka. Ukiweka noti, benki imekuwa na deni kwako papo hapo. Ukiweka hundi, benki ni wakala wako wa kukusanya fedha kutoka benki ya mteja. Kilichopotea ni karatasi ya kudai fedha. Fedha zenyewe bado ziko kwenye akaunti ya mteja. Kwa hiyo benki inawajibika kwa hasara iliyosababishwa na uzembe wake, na hasara hiyo inapimwa.

Mteja yupo, ana fedha, na yuko tayari kutoa hundi nyingine? Hasara yenu ni ada, riba na ucheleweshaji. Mteja amefilisika kati ya siku ile hundi ingelipwa na leo? Hasara inaweza kuwa kiasi chote cha hundi, mradi muonyeshe kwamba ingewasilishwa kwa wakati ingelipwa. Ndiyo maana kukaa kimya mkisubiri benki ilipe yote ni hatari: itawauliza kwa nini hamkuchukua hatua za kawaida kupunguza hasara, na lawama zikianza kugawanywa na nyie mtapata fungu lenu.

Kwa upande wa mteja, wengi hawajui kwamba sheria inamgusa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 ya hati za malipo, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza ziliirithi, inasema kwenye kifungu cha 69 kwamba mwenye hati iliyopotea kabla muda wake haujapita anaweza kumtaka aliyeitoa ampe nyingine inayofanana nayo, akimpa kinga (ahadi ya kumfidia ile ya kwanza ikija kulipwa) ikihitajika. Kifungu cha 70 kinaruhusu mahakama kuzuia utetezi wa "karatasi haipo" pale kinga ya kuridhisha ikitolewa. Kwa hiyo mteja anayetaka barua ya kinga hajawatukana. Anaomba anachoruhusiwa.

Ila barua yenyewe isomeni. Nyingi zimeandikwa bila kikomo, "tutafidia hasara yoyote itakayotokea milele". Kiasi kiishie kwenye thamani ya hundi ile moja, namba yake itajwe, na pawe na tarehe ya mwisho. Na bora zaidi, iombeni benki iliyopoteza ndiyo isaini kinga hiyo, ama kwa mteja moja kwa moja, ama kwenu ili nanyi mpate ujasiri wa kumsainia mteja. Wataanza kwa kukataa. Barua ya kukiri mkiwa nayo, kukataa kunakuwa kugumu.

---

Kishina Namba Moja

Naongezea upande wa kusimamisha hundi maana hapo ndipo watu huungua.

Mwenye uwezo wa kusimamisha ni aliyetoa hundi peke yake. Nyie mlioandikiwa mnaweza kuomba tu. Utaratibu uwe huu bila kubadilisha mpangilio: mteja anaangalia kama imelipwa, anaisimamisha, anapata uthibitisho wa benki yake kwa maandishi, NDIPO anatoa malipo mapya. Akitoa mapya kwanza na ile ya zamani ikaibuka kwenye droo ya mtu, zote mbili zitalipwa.

Agizo la kusimamisha linataka namba ya hundi na kiasi kamili, mpaka senti. Mfumo unalinganisha tarakimu kwa tarakimu. Ukisema laki tatu na hundi ni laki tatu na mia tano, agizo linaweza kupitwa. Maagizo mengine yana mwisho pia. Marekani agizo la maandishi hudumu miezi 6 na lazima lihuishwe, la mdomo hufa baada ya siku 14 lisipothibitishwa kwa maandishi.

Msijifariji na "hundi itachacha yenyewe". Ni kweli nchi nyingi hundi huhesabiwa imechacha baada ya miezi 6 (India ni 3 tangu Aprili 2012), lakini kuchacha mahali pengine kunamaanisha benki hailazimiki kuilipa, si kwamba imekatazwa. Marekani benki ikiilipa kwa nia njema iko salama.

Malipo mapya yasiwe hundi kama inawezekana. Mteja ahamishe fedha kwa njia ya kielektroniki na kwenye maelezo aandike "badala ya hundi namba fulani". Hiyo sentensi moja itawaokoa wote kwa mkaguzi.

Halafu kuna jambo hamkuliuliza. Hundi iliyopotea ina namba ya akaunti ya mteja na saini yake halisi. Hata ikiwa imepigwa mistari miwili na kuandikwa ilipwe kwenye akaunti ya mlipwaji tu, karatasi hiyo inamfaa mtu wa kughushi. Waambieni wateja waangalie akaunti zao, na wasiangalie namba ile tu, waangalie hundi yoyote wasiyoitambua.

---

Mtunza Leja

Asanteni sana, nimeelewa. Tumeandika barua leo. Imebaki zile mbili zisizo na nakala. Pia moja kati ya hizo 6 nimegundua ni hundi ya benki, mteja aliinunua benki kwake. Hiyo nayo inasimamishwa vilevile?

---

Keshia wa Zamani

Hapana, hiyo ni habari nyingine. Hundi ya benki imetolewa na benki yenyewe na fedha zilishakatwa kwa mteja siku alipoinunua, kwa hiyo hawezi kuagiza tu isilipwe. Mnunuzi au mlipwaji anatoa taarifa ya upotevu kwa benki iliyoitoa, anasaini tamko na kinga, na benki huweza kusubiri kabla ya kutoa nyingine. Marekani dai la namna hiyo halina nguvu mpaka zipite siku 90 tangu tarehe ya hundi. Anzeni na hiyo leo hii, ndiyo yenye foleni ndefu.

Zile mbili zisizo na nakala: mteja ana kishina kwenye kitabu chake cha hundi, chenye namba, tarehe na kiasi. Akiwa amepoteza kishina, aangalie hundi zilizotangulia na zilizofuata kwenye taarifa yake. Namba zinakwenda kwa mfululizo, pengo litajionyesha. Hati ya malipo iliyokuja na hundi nayo huwa na namba. Kisha jumlisheni. Jumla ya hizo 6 lazima ilingane na jumla iliyoandikwa kwenye slipu. Ikipungua hata kidogo, kuna hundi mmeitaja vibaya, na benki itashika hapo hapo kukwepa barua nzima.

---

Mama Mizania

Upande wa vitabu kwa ufupi. Msiwakatie wateja stakabadhi mpya juu ya ile ya kwanza, mtakuwa mmewaandikia kwamba wamelipa mara mbili. Hundi ikithibitika kusimamishwa, batilisheni ingizo la kwanza kwa kumbukumbu ya barua ya benki, deni la mteja lirudi kwenye leja, halafu malipo mapya yaingie kama kawaida. Kabla ya hapo, kwenye usuluhisho wa benki (kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki) kiasi kibaki kama fedha zilizowekwa ambazo hazijaonekana, kila hundi mstari wake. Msiziweke kwa jumla moja. Zitarudi kwa siku tofauti na mtashindwa kujua ipi bado.

Tena msitume barua za kudai deni kwa wateja hao wakati huu. Hundi ni malipo yenye sharti, kwa kawaida kudai deni kunasitishwa kwa muda mpaka hundi ilipwe au ikataliwe. Programu nyingi za uhasibu hutuma vikumbusho zenyewe, ingieni mkazime.

---

Sina Presha

Sawa, nimekubali yaishe. Na benki ikikaa kimya?

---

Wakili wa Madaftari

Benki nyingi zina muda uliotangazwa wa kujibu malalamiko, uko kwenye tovuti yao au ubaoni tawini. Muda ukiisha, au wakijibu kwa kuzungusha, lalamiko linapelekwa kwa benki kuu au msuluhishi wa huduma za fedha wa nchi husika. Wao karibu kila mara huuliza kwanza kama mlimaliza ngazi za ndani ya benki, kwa hiyo namba ya lalamiko na ile nakala yenye muhuri ndizo tiketi ya kuingilia.

Kama mtahitaji picha za kamera za kaunta, ombeni zihifadhiwe ndani ya barua ya kwanza. Picha mpya hurekodiwa juu ya zile za zamani na kuzifuta. Kwa slipu yenye muhuri huenda zisihitajike, lakini kwa hundi iliyotumbukizwa kwenye sanduku bila muhuri wowote, kamera inaweza kuwa shahidi pekee mliyenaye.